Kadi Isiyo na Tarehe

Chuoni walimwita Januari, na mwenyewe aliitikia bila kinyongo. Alizaliwa safarini, mama yake akafariki siku chache baadaye, na mama mdogo aliyemlea hakujua kusoma wakati huo, wala hakukumbuka tarehe. Karani wa shule akaandika mosi Januari, akagonga muhuri, mambo yakaisha. Tangu hapo, kila fomu aliyopewa aliijaza kwa uongo huo bila hata kupepesa macho.

Alisomea sayansi ya mimea, na shahada hiyo ilikuwa na somo moja la lazima lililomtoa jasho: kutengeneza programu za kompyuta. Mwaka uliotangulia lilimwangusha. Akianguka tena, chuo kingemfungasha virago. Safari hii akajitosa mzima mzima, akatengeneza programu ya kutunza kumbukumbu za mimea mikavu, ile iliyobandikwa kwenye karatasi ngumu na kupangwa makabatini, kila mmoja na kadi yake: jina la mmea, mahali ulipochumwa, aliyeuchuma, tarehe.

Mhadhiri alikuwa na mtihani wake wa ajabu. Programu ilitumiwa na mtu ambaye kazi hiyo ndiyo yake, na mtengenezaji alikaa nyuma, kimya. Kadi tano, dakika ishirini.

"Ukifungua mdomo, umeanguka," alisema. "Programu ikishaingia kazini, hutakuwepo kumnong'oneza mtu."

Aliyeletwa kumtahini Januari ni mtunza makabati, mama aliyekaribia kustaafu, anayechapa kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Kadi ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu ilikuwa ya zamani, wino umefifia, na tarehe haikuandikwa kabisa. Akaacha nafasi wazi, akabonyeza. Programu ikakataa: Jaza tarehe. Akabonyeza tena. Ikakataa tena.

Januari aliuma ulimi. Weka yoyote, mama! Weka mosi Januari twende zetu!

"Sasa hii inataka nini?" mama akalalamika. "Tarehe haipo. Mimi siijui, na aliyeuchuma mmea huu alishakufa zamani."

"Si ukisie tu?" mhadhiri akamchokoza.

"Nikisie? Atakayekuja baada yangu atajuaje kwamba nilikisia? Ataamini." Akavua miwani, akakunja mikono. Dakika zikayoyoma hadi zikaisha.

Januari alitoka pale uso umemshuka. Hakumkasirikia mama hata chembe. Alijionea aibu mwenyewe. Fomu isiyomruhusu mtu kusema "sijui" imetengenezwa na nani? Na Januari!

Walioanguka mtihani ule walipewa wiki moja, mara moja tu. Hakukimbilia kompyuta. Alikwenda makabatini, akamwomba mama amwonyeshe kadi zote zenye mapengo. Mama akamfungulia droo moja baada ya nyingine, kwa subira ambayo Januari hakuistahili.

"Huu tunajua mwaka tu. Huu tunajua ulichumwa wakati wa mvua. Huu, baba, hatujui kitu, na tusijifanye."

Siku ya marudio, kadi ileile ikaja. Mama akachagua Haijulikani, programu ikapokea. Akamaliza zote tano na dakika nne zikabaki.

"Sasa hii ina adabu," akasema.

"Asante, mama," Januari alisema aliporuhusiwa kufungua mdomo. "Wewe ndiye uliyenifundisha somo hili." Alimaanisha hivyo, na mhadhiri alikuwa anasikia.

Nje, akampigia simu mama mdogo. "Nimefaulu, mama!"

Upande wa pili, vitu vikaanza kupekuliwa. Mama mdogo alijifunza kuandika kwa Januari mwenyewe, enzi mtoto huyo akiwa darasa la tatu.

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na saba. Kwani vipi?"

"Nangoja kalamu itoe wino. Ile tarehe yako ya kwanza ilinipotea, mwanangu. Hii naiandika. Haya, taja polepole."

Januari akataja siku, mwezi na mwaka, akisubiri kila mara mkwaruzo wa kalamu ukome.