Kuziba Pua

Mwanangu alikuwa na miaka minne, hajasema hata neno moja, na chakula alikuwa anakiogopa. Alikubali maziwa na maji, basi. Ukimsogezea tonge la ugali anakunja uso, anakohoa, anatapika kabla hata halijamgusa. Siku walipompima kliniki, daktari aliniambia waziwazi: uzito ukishuka tena mwezi ujao, tunamlaza na kumwekea mpira wa kupitishia chakula puani.

Daktari huyo ndiye aliyetutuma chumba cha mazoezi ya watoto, hapohapo Bariadi. Mimi nilitegemea sindano, au chupa ya dawa ya kuleta hamu ya kula. Nikamkuta dada mmoja kijana amevua viatu, amekaa mkekani na mabeseni matatu: mchele mbichi, mchanga na pamba. Akanisalimia, "Mwangaluka, mayu," kama tunavyowaamkia akina mama nyumbani asubuhi, moyo ukatulia kidogo. Kisha akamwacha mwanangu achezee mchele nusu saa nzima. Hakumlisha chochote.

"Ukiwa nyumbani unamlishaje?" akaniuliza.

Nikamweleza bila aibu, maana niliona ni jambo la kawaida. Unamlaza mtoto mapajani, unamziba pua kwa vidole, akifungua mdomo kutafuta hewa unammiminia uji kwa kiganja, unamwambia meza, meza. Ndivyo tulivyokuzwa wote. Uso wa yule dada ukabadilika. Akasema uji ule unaweza kuingia kwenye mapafu, tena mtoto anaogopa mkono wangu kuliko anavyoogopa chakula. Kuanzia leo, akasema, mpe ugali auchezee, aunuse, ajipake. Mtafutie na vitu vingine vya kushika, laini na vya kukwaruza. Usimwambie kula. Usimwambie meza.

"Yaani mtoto hali, na dawa yake ni kuchezea chakula?"

"Mdomo unaanzia mkononi, mama. Mkono ukizoea, midomo itafuata, kisha ulimi. Na ulimi wa kulia chakula ndio huohuo wa kuongelea."

Makubwa! Nilirudi kwetu Lagangabilili sielewi mbele wala nyuma.

Mama mkwe wangu alipomkuta mjukuu wake ameketi uani, ugali umemjaa hadi kwenye nywele, alishika kiuno. "Mayu, chakula hakichezewi. Sisi tumeona miaka ya njaa hapa, watu wanahesabu michembe, vile vipande vya viazi vikavu. Leo hospitali wanakufundisha kukanyaga ugali?" Nikamwambia mtoto anazoezwa. Akacheka kicheko kisichokuwa cha furaha. "Mimi nimezaa saba. Wote nimewaziba pua. Yupi amekufa?"

Baba wa mtoto wangu ni mmoja wa hao saba, na ni mzima kama dume la ng'ombe. Yule dada wa mazoezi naye, sikujua hata kama amezaa.

Kesho yake nikataka kufanya bidii. Nikakumbuka vitu vya kukwaruza, nikachukua mbegu za pamba zilizobaki msimu wa kupanda, nikazimwaga kwenye beseni. Mwanangu amezishika mara moja tu, bibi yake akaruka kutoka jikoni. "Zina dawa hizo! Unataka kumuua?" Akamnyakua, akamwosha mikono kwa sabuni mara tatu. Mimi mkulima, binti wa mkulima, nilikuwa nimesahau kwamba mbegu zile zimetiwa sumu ya wadudu. Niliona aibu mpaka nikatamani kujificha kwenye ghala. Sasa nani alikuwa mjinga pale, yeye au mimi?

Zilipobaki siku tatu twende kupima uzito, mtoto alikuwa bado hajalamba kitu. Anaponda ugali, anaunusa, anautupa. Niliona ule mpira wa puani kila nilipofumba macho. Hasira zikanipanda, zangu mwenyewe nazijua, zikija hazibishi hodi. Nikamlaza mapajani, nikamziba pua, nikammiminia uji. "Meza! Meza nakwambia!" Akameza, akapaliwa, akatapika wote kwenye kanga yangu. Kisha akakimbilia nyuma ya nyumba, na jioni nzima hakutaka nimguse. Mama mkwe alinitazama, akaingia ndani. Nililia nikifua ile kanga.

Asubuhi yake nilikaa uani na beseni la ugali wa uvuguvugu, nimechoka, simwiti. Nikawa nauponda mwenyewe kama mwendawazimu. Akaja polepole. Akasimama mbele yangu. Akachota kipande kidogo, akakizungusha kwenye kiganja, nami nikabana pumzi nikidhani leo atakila.

Hakukila. Alinyoosha mkono wa pili, akanishika pua kwa vidole viwili, akabana. Akabana kwelikweli. Nilipofungua mdomo nipate hewa, akausukuma ule ugali ndani. Akaniwekea kiganja chini ya kidevu, vilevile nifanyavyo mimi, akanikazia macho.

"Meza," akasema.

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini neno lilikuwa kamili. Bibi yake mlangoni akaangusha ungo. Mimi machozi yakanitoka, sijui ni furaha, sijui ni nini. Nikameza. Akanichungulia mdomoni kuhakikisha, akaniachia pua. Kisha akautazama ugali ulioganda kwenye vidole vyake, akalamba kimoja. Halafu cha pili.

Kliniki mzani haukupanda, ila haukushuka pia, na daktari akasema mpira tuuache kwanza. Mama mkwe hajawahi kukiri lolote. Siku hizi yeye ndiye anayempelekea mjukuu wake beseni.

Wanawake wenzangu huniuliza, mwanao alianza kusema neno gani? Nawajibu, alisema mama. Huwa nawadanganya.