Kioo Kilichoonyesha Kilimia Kizima

Mjukuu wangu amenunua darubini ya kutazamia nyota, na juzi alinipigia simu kuniuliza achague kioo kipi cha kuchungulia: kinachokuza sana, au kinachoonyesha eneo pana la anga. Nilimwambia achukue kile kipana. Alishangaa kwamba nina maoni.

Ndugu msomaji, maoni hayo niliyapata Ushirombo, miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa kuchota maji na kutwanga mtama. Mwalimu wa shule ya misheni alikuwa na darubini ya shaba na vioo viwili. Sisi watoto tulipenda kile cha kukuza, kwa kuwa mwezi ulijaza jicho zima. Kile kingine kilionyesha mwezi mdogo, kwa hiyo kilibaki kwenye sanduku.

Nyumbani, mbegu zilitunzwa na bibi. Kila mwaka, baada ya chakula cha jioni, alitazama mashariki kungoja Kilimia, lile kundi la nyota linalotangulia mvua. Yeye ndiye aliyekitaja, ndipo tukapanda. Kumtangulia kukitaja ulikuwa utovu wa adabu, na kwa mtoto ilikuwa fimbo.

Mwaka ule macho yake yaliingia ukungu. Jirani alipita kila jioni na kuuliza, "Kimetoka, mama?" Bibi alijibu, "Bado." Sisi wote tulikuwa tunakiona. Mawingu yalianza kujikusanya, harufu ya vumbi lililolowa ikatufikia kutoka mbali, na mbegu zetu zilikuwa bado kwenye kibuyu. Hakuna aliyethubutu. Mwishowe mama akaenda kumnong'oneza mwalimu.

Mwalimu alikuja na darubini yake kama mtu aliyepita tu kusalimia. "Shikamoo, bibi. Karibu utazame." Kwa fahari akaweka kile kioo cha kukuza. Bibi akainama.

"Naona nyota moja. Wenzake wako wapi?"

Mwalimu akasogeza darubini. Ikaonekana nyingine, ile ya kwanza ikapotea. Bibi akajiinua, akasema kwa ukali, "Hiki si Kilimia, mwalimu. Hizi ni nyota tu."

Mwalimu akafungua sanduku na kutoa kile kioo tulichokidharau. Bibi akainama tena. Safari hii alikawia, na mkono wake ulishika bega langu kwa nguvu hadi nikaumia.

"Wamekuja wote," alisema, kisha akamwita mama kwa lugha ya kwetu. "Mayu, kesho tupande."

Mama alishaondoka kufuata kibuyu.

Tulivuna vizuri. Baadaye mwalimu alihamishwa akaondoka na darubini yake, na msimu uliofuata watu walipanda kwa kalenda ya misheni. Bibi alikaa uani jioni zote, ameelekeza uso mashariki. Jirani alipita akamwamkia, hakuuliza kitu. Hilo liliniuma, na linaniuma hata leo.

Siku hizi taa za migodi zimemeza nyota nyingi za upande wetu, na macho yangu nayo yameanza ukungu. Kioo kikifika, nitamwomba mjukuu anielekezee mashariki. Nimeshamwonya asiniambie anachokiona kabla sijakitaja mimi.