Maua Niliyoyachuma Mwenyewe

Elimu yangu mimi ni ya gunia. Skuli niliiacha mapema, na nilipokuja Maskati kutoka Unguja, kijana bado, nilianza kwa kubeba magunia ya watu pale mtaa wa Hamriya. Leo wanaobeba wanabeba yangu. Mke wangu atasema najisifu, na ajisemee. Duka langu la dawa za majani halina mpinzani mtaa ule: zaatari ya kifua, miramiya ya koo na tumbo, khuzama ya mzazi, babunaji ya mtoto asiyelala. Nifunge macho unipe chembe ya jani ninuse, ntakwambia ni nini na limekaa guniani muda gani.

Ila kuna jambo sikuwahi kulisema dukani. Maua haya yote nimeyajua yakiwa makavu. Babunaji nimeiuza zaidi ya nusu ya umri wangu, na nilikuwa sijapata kuiona imesimama ardhini.

Mwaka jana, binti yetu akiwa na mimba yake ya kwanza, nilimchukua mama yake tukapumzike Uturuki, upande wa Mediterania. Yalikuwa majira ya maua. Nyuma ya hoteli kilima kizima kimejaa vijiua vyeupe vyenye kitovu cha manjano. Waomani wenzetu walikuwapo, na mmoja akauliza haya maua gani. Mtu wa duka nimeulizwa swali la duka, ningenyamaza vipi? Nikasema babunaji. Nikawapa na darsa juu yake: huku ndiko asili yake, wanaowauzia nyinyi huko nyumbani huchanganya. Nikachuma, wao wakanipiga picha. Mke wangu akakinusa kiganja changu, akasema, "Mbona yanuka kama mbwa aliyenyeshewa?"

Nikamwambia mbichi ndivyo ilivyo, ikikauka itatulia. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Babunaji inanukia tufaha. Hilo nalijua kama nnavyolijua jina langu, na pua yangu ilikuwa imeshaniambia. Lakini nilikuwa nimeshasema.

Nikayaanika juu ya shuka ya hoteli, nikarudi nayo Maskati kwenye mkoba wa mkononi.

Binti akajifungua salama, mtoto wa kiume, akaja kwetu Mabela kukaa arobaini yake kama ilivyo ada. Wa kumwosha mtoto alikuwa dada mkubwa wa mke wangu, mjane, anakaa Wadi Kabir. Watoto wote wa ukoo wetu wamepita mikononi mwake, na mama wa huyu pia. Sote twamwita Khalati, yaani mama mkubwa, hata mimi shemeji yake. Hana cheo chengine duniani: mtoto akizaliwa huitwa Khalati, naye huja na furushi lake la nguo na kichupa chake cha mafuta ya nazi.

Mtoto akawa analia sana jioni, tumbo limejaa. Nikatoa maua yangu. Nikasimama pale mlangoni nikitoa amri kama daktari: yachemshwe, maji yapoe, aoshwe mwili mzima. Khalati akamwosha, kisha akampaka mafuta yake kama kawaida.

Kulipokucha mtoto alikuwa na vipele vyekundu mgongoni na mapajani, vyengine vimefanya malengelenge. Hospitali wakasema kuna kitu kimemchoma ngozi, asiguswe na chochote ila maji matupu. Mkwe wangu, kijana mpole wa ofisini, alisimama ukumbini kwangu akasema kwa adabu kwamba haya mafuta ya kizamani si ya kuaminiwa, na ikibidi atamchukua mkewe kwao. Hakumtaja mtu. Macho yote yakenda kwenye kichupa cha Khalati. Maua hakuna aliyeyatazama, maana yalikuwa yangu.

Nikatoka nikenda dukani. Nikachukua babunaji guniani, nikakipasua kitovu chake kwa ukucha. Ndani mna uwazi. Ndivyo tunavyoikagua mzigo ukija. Ya kweli moyo wake ni mtupu. Nikapasua ua langu. Limejaa. Nikapasua jengine, na jengine tena, kana kwamba moja litanionea huruma. Ua lile jina lake silijui mpaka leo.

Niliporudi nyumbani, mke wangu keshamwambia dada yake akapumzike kwao siku chache, mpaka mkwe apoe. Nikaombwa nimpeleke. Ningeweza kusema pale pale, watu wote wapo. Nikachukua ufunguo wa gari.

Njia nzima nilizungumza mimi. Joto, foleni, bei za viwanja. Yeye kashika furushi lake mapajani. Tulipofika kwenye magereji, karibu na kwake, akasema:

"Shemeji, yale maua niliyanusa. Hayakunipendeza."

"Basi mbona hukusema?"

"Niseme mimi kama nani? Weye ndiye mjuzi wetu."

Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningemjibu, majibu ya kejeli sikosi. Nilimshushia furushi lake, akaniombea Mungu anirudishe salama.

Siku ya pili mkwe alikuja na mama yake kumtazama mtoto. Nikawaambia wakae. Nikaweka maua mawili juu ya sinia ya kahawa, la dukani na la Uturuki, nikayapasua mbele yao. Nikasema Khalati hana kosa, mafuta yake ni yale yale aliyompaka mama wa mtoto huyu alipokuwa mchanga. Kilichomchoma mtoto ni ua langu, nililichuma silijui, nikasema nalijua.

Mkwe akasema haraka haraka, "Yamekwisha, ammi, hutokea," vile unavyomwambia mzee aliyejimwagia kahawa. Mama yake akatazama zulia.

Binti yangu ndiye aliyeuliza. "Ulijua lini, baba?"

"Jana."

"Kabla ya kumpeleka Khalati, au baada?"



"Kabla," nikasema.

Akamlaza mtoto, akachukua simu. Nikamwambia mimi ntampigia, ni juu yangu. Akasema hapana, akenda kuzungumza chumbani na mlango akaufunga. Sikusikia walilosema. Mke wangu akaiondoa sinia bila kunitazama.

Nikawasha gari nikenda Wadi Kabir kumchukua, sikungoja kuambiwa. Nikagonga, kimya. Jirani yake akatoa kichwa, akaniambia keshaondoka kwa teksi kwenda Mabela kwa mtoto. Yeye jirani alimshauri amngoje shemeji yake, hakosi kuja na gari lake kubwa, na Khalati akasema hataki kumsumbua mtu.