Mzungu Aliyehoji Kiti Kitupu

Mama yangu alikaa miaka saba bila kumtazama bwana yangu, na kosa lilikuwa la bwana yangu mwenyewe. Siku wazee wake walipomleta kwetu kujionyesha, alitakiwa ainame, ashushe macho, apige makofi taratibu na anyamaze. Yeye, kwa sababu alisomeshwa na mapadri huko Kasai, akasimama wima katikati ya uwanja, akamkazia mama macho, akanyoosha mkono na kusema, "Bonjour, Mama!" Mawee! Mama akajifunika kitambaa usoni, akageuka, akaingia jikoni. Alikaa humo mpaka wageni wakaondoka.

Ndoa ilifungwa, maana baba yangu alipenda kijana mwenye kalamu mfukoni. Lakini mama hakumfungulia mlango. Kwetu mkwe na mama-mkwe hawatazamani, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, mpaka siku mama-mkwe mwenyewe apike vyakula vya kila aina, aite ndugu na majirani, amfunulie mkwe sufuria moja moja mbele yao. Baada ya hapo mkwe ni mtoto wa nyumba. Wengine wanangoja mwaka mmoja, wengine miezi tu. Mama yangu miaka saba hakugusa hata kifuniko.

"Ile macho yake nilishaiona mara moja," alikuwa akisema. "Inatosha."

Mimi ningeweza kucheka tu, kama si uzazi wangu wa pili. Damu ilikataa kukatika. Mama, ambaye mikono yake ilipokea nusu ya watoto wa mtaa wetu, alikuwa anakaa kwa kaka yake, mitaa miwili mbele. Alipoitwa alikuja mbio, halafu akasimama nje ya mlango: mkwe yumo ndani! Bwana yangu, karani mzima wa treni, akaruka dirishani na kuangukia mboga za jirani ili mama apate kuingia. Watu walicheka mwezi mzima. Mimi nilikuwa nimelala pale nikisikia baridi ikipanda miguuni, na sikucheka. Sasa nilikuwa na mimba ya tatu, ya miezi minne, na niliogopa. Nilitaka kitu kimoja tu, mama awe amelala ndani ya nyumba yangu siku ile itakapofika.

Ndipo walipokuja watu wa televizio. Ilikuwa miaka ya hamsini, na hapa Élisabethville hakuna aliyekuwa nayo. Tulisikia tu kwamba Bulaya, kwao wazungu, kuna sanduku linaloleta watu sebuleni kwako bila kuwapa kiti. Walikuwa wazungu wawili: mwulizaji, mrefu, mwenye tai, na mpiga picha, mfupi, mwekundu, aliyelowa jasho saa zote. Walitaka familia moja yenye mambo mapya na mambo ya zamani. Mapya yalikuwa bwana yangu na Kifaransa chake. Ya zamani yalikuwa mama, aliyezaliwa Kambove na kukumbuka shaba ilivyochimbwa kabla reli haijafika.

"Wataketi pamoja hapa," mwulizaji akasema, akionyesha kiti kirefu.

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Nilipomweleza desturi yetu, kwa Kifaransa nilichofundishwa na bwana yangu, aliandika kidogo kwenye daftari lake, kisha akakubali: bwana asubuhi, mama mchana.

Asubuhi bwana yangu alivaa koti la Jumapili. Wakamkalisha mbele ya pazia la sebuleni, kwenye kigoda changu cha kushonea, mwulizaji akachukua kiti cha juu, na kamera ikawekwa juu zaidi ya wote. Mpiga picha aliniruhusu nichungulie. Loo! Niliona mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu kwa kosa la kuiba maembe. Sikuomba ruhusa. Nikamwinua baba wa watoto wangu, nikaondoa kigoda, nikaleta kiti cha kweli na mito miwili, naye akakaa juu kama mtu mwenye kwake. Mpiga picha akashusha miguu ya kamera.

Ikaja taa. Waliiweka chini sakafuni, ikammulika kutoka kidevuni, macho yakawa mashimo mawili. Na mpiga picha alikuwa na kidude cha kupimia mwanga. Alikipeleka usoni kwa mwulizaji, akasoma, akaenda kugeuza kamera. Nilipochungulia tena, mwulizaji alikuwa safi, na bwana yangu amebaki kola na meno.

"Unapima uso wa nani, Monsieur?" nikamuuliza.

"Wa mwulizaji."

"Yeye kwenu wanamjua. Pima wa bwana yangu."

Akanitazama, akacheka, akapima. Akapandisha taa juu, nami nikatundika shuka langu jeupe upande wa pili ili lirudishe mwanga shavuni. Mashavu yakatokea, paji la uso likatokea, na lile kunjo la katikati ya nyusi ninalolipenda likatokea. Huyo ndiye niliyeolewa naye.

Lakini alijibu kama yuko kwenye mtihani. "Ndiyo, Monsieur. Bila shaka, Monsieur." Basi nikasimama nyuma ya bega la mwulizaji, nikavimbisha mashavu kama mkubwa wake wa kazi anapopuliza filimbi. Bwana yangu aliuma midomo, akashindwa, akatabasamu. Kuanzia hapo hakumwangalia mwulizaji tena, aliniangalia mimi, na akasimulia vizuri jinsi alivyofika mji huu kwa treni, peke yake, na valizi moja ya nguo, bila kujua mtu.

Alipomaliza akaenda kazini. Nikadhani wazungu nao watapumzika. Hapana. Wakageuza kamera, mwulizaji akakaa mbele ya kile kiti, sasa kitupu, akaanza kukiuliza maswali yale yale. Anauliza, anangoja, anatikisa kichwa kana kwamba kiti kimejibu jambo la busara. Nikasema moyoni, jua la Katanga limempata huyu.

"Monsieur," nikamnong'oneza mpiga picha, "kiti kitajibu saa ngapi?"

Akanieleza. Kamera yake ni moja, haiwezi kutazama watu wawili kwa mara moja. Bwana yangu ametazama kushoto kwa picha, mwulizaji anatazama kulia. Mkasi utakata na kuunganisha, na kila atakayeona ataapa kwamba walikuwa wanatazamana.

"Hata kama mmoja hakuwepo?"

"Hata kama alikuwa Sakania mpakani, Madame. Mradi ukuta ni ule ule, taa ni ile ile, na macho yanakutana."

Sijui aliyeniingia saa ile ni shetani au malaika, ila alikuwa na haraka.

Mchana mama akaja, baada ya kuuliza mara tatu kama mkwe ametoka kweli. Mwulizaji alitaka amweke nje, kwenye kinu, aonekane wa zamani. Nikakataa. Mama yangu atakaa sebuleni, mbele ya pazia lile lile, na taa ibaki pale pale juu. Halafu nikasema mama ana kovu shavu la kushoto na hapendi lionekane, kwa hiyo kiti cha mwulizaji kihamie upande wa pili wa kamera, ili yeye atazame kulia. Kovu lenyewe ni dogo kama punje ya mtama, na mama hajawahi kulijali hata siku moja.

Mpiga picha alinitazama kwa muda mrefu. Akatazama kiti, akatazama mama, akatazama tena kiti. Kisha akanikonyeza.

Mama hakujua Kifaransa, hivyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, na mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha kuuliza. Mwulizaji alisimama pembeni akinipa maswali. Mwanzoni niliyatafsiri kwa uaminifu, na mama alieleza shaba ya Kambove kwa adabu, mikono magotini. Kisha mwulizaji akasema, "Muulize kama mambo mapya ya mjini yanamtia hofu."

Nilifungua mdomo nitafsiri. Yaliyotoka ni mengine.

"Mama," nikasema, "minaogopa kuzaa. Minaogopa sana."

Mama aliinama mbele. Uso wote ukalainika, macho yakajaa, na ile taa ikayakuta yakiwa hivyo.

"Usiogope, mutoto yangu," akasema. "Miye niko hapa. Hapa njo kwenu."

Alipokwisha kusema kwamba hapa ndipo kwetu, akatazama dari, na nikajua anawaza lile paa asiloweza kulala chini yake na mkwe.

"Anasema nini?" mwulizaji akauliza.

"Anasema mambo mapya hayamtii hofu, Monsieur. Umeme ameupenda sana."

Walipokuwa wanafunga mizigo nilimwendea mpiga picha na kumweleza ninachotaka. Akasema mkasi uko Bulaya, mikononi mwa mwingine, ila yeye ataandika maneno mawili juu ya kopo la filamu. Nilimpa kuku. Alimbeba kwapani kama askofu anayebeba kitabu, hajui kichwa kiko wapi.

Filamu ilirudi tumbo langu likiwa limefika puani. Walituonyesha siku ya Jumapili, baada ya misa, katika ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, wanaume kulia na wanawake kushoto. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa na kitambaa kipya kichwani.

Bwana yangu akatokea kwenye nguo nyeupe iliyotundikwa ukutani, mkubwa, anang'aa, kwenye mito yangu. Akasema kwamba alifika peke yake, hakujua mtu, na katekista akatafsiri kwa sauti. Akatabasamu kuelekea kushoto. Na hapo hapo akatokea mama, pazia lile lile, mwanga ule ule, akitazama kulia, machozi yamesimama. "Usiogope, mutoto yangu. Miye niko hapa. Hapa njo kwenu." Tena bwana yangu, anatabasamu. Tena mama, anamtazama tu.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipanda juu ya mabenchi. Bwana yangu alitambaa chini ya miguu ya wenzake akitafuta mlango. Mama akasimama mbele ya mashine ya kuonyeshea picha, kivuli chake kikafunika nguo yote.

"Ni bongo, uongo mutupu!" akapiga kelele. "Sikukaa na ye! Sijamuona!"

"Mama, kaa, unaziba picha!"

"Tunakuona na macho yetu, Mama!"

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini kilichomkata mama si kuonekana na mkwe. Ni wanawake wenzake, walionuna wote pamoja. Kumbe amefungua sufuria kwa siri? Bila kuita mtu? Kuku gani hao walioliwa milango imefungwa? Aliapa kwa jina la marehemu baba yangu, na walimjibu kwamba macho hayana pazia. Alinitazama mara moja tu, kutoka mbele ya ukumbi. Nikajifanya mtoto amenipiga teke tumboni.

Siku tatu baadaye, ili kuziba midomo yao, mama alipika. Bukari ya unga wa mahindi, sombe ya majani ya muhogo, samaki mkavu, kuku, maharage, majani ya maboga. Mtaa mzima ulikuja kuhakikisha. Akafunua sufuria moja moja mbele ya bwana yangu, ambaye alikuwa amepiga magoti, amekunja shingo, anatazama sakafu kama aliyepoteza sindano. Miaka saba ilikuwa imemfundisha.

Mama akasimama juu yake.

"Inua macho," akasema. Kisha, polepole, kwa Kifaransa cha kwanza na cha mwisho nilichowahi kumsikia nacho: "Bonjour."

Alihamia kwetu jioni ile ile na kifurushi chake. Uzazi ulikuwa mgumu kama ule wa pili. Damu ilitaka tena kukataa kukatika. Safari hii mikono yake ilikuwa pale kabla sijamaliza kuita, na bwana yangu alipita mlangoni kuleta maji ya moto, kwenda na kurudi, bila kuruka dirisha lolote.

Asubuhi mama alikuwa anamwosha mtoto kwenye beseni, amenipa mgongo.

"Ile siku ya taa," akasema, "miye nilikuwa naangalia weye."

"Ninajua, Mama."

"Uliiba macho yangu, ukamupa ye."

Akamgeuza mtoto, akamwaga maji mgongoni kwa kiganja.

"Na ye? Alikuwa anacheka na nani vile?"

"Na miye, Mama."

Alimfunga mtoto kwenye lile shuka langu jeupe, akamleta kifuani kwangu, akakaa kitandani. Nje tulimsikia bwana yangu akipasua kuni.

"Basi," akasema mama, "ile macho ulimupa, usimunyanganye tena."