Aliyeletwa Kushika Nafasi Yangu

Mwaka ule nilikuwa nafundisha Biolojia katika sekondari moja ya mtu binafsi, nje kidogo ya mji wa Kyela, njia ya kwendea Makwale. Shule imezungukwa na mashamba, kakao upande mmoja na mpunga upande wa pili, na masika yakikolea uwanja wa mpira unageuka bwawa. Sauti za vyura zinaingia mpaka darasani. Nilikuwa na diploma yangu, nilikuwa na mkono mzuri wa kuchora ubaoni, na nilikuwa na mkataba wa muhula. Yaani Januari ninasaini, Juni unakwisha. Julai ninasaini tena, Desemba unakwisha. Walimu wengi pale tulikuwa hivyo na hakuna aliyelizungumza.

Mimba yangu ya kwanza ilionekana mapema. Mimi ni mwembamba, haikuwa na pa kujificha, na wala sikutaka ijifiche. Kidato cha tatu tulikuwa kwenye mada ya uzazi. Mwalimu mwingine angeona aibu. Mimi niliona nimeletewa zana ya kufundishia bure. Msichana mmoja wa dawati la mbele aliniuliza, "Madam, mtoto anasikia tunayosema?"

"Anasikia," nikamwambia. "Ndiyo maana nataka huku nyuma wanyamaze."

Darasa likacheka, tukaendelea na mchoro wa kondo la nyuma.

Mwezi Machi nilikwenda kwa mkuu wa shule kumwambia rasmi. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, anayekukaribisha kiti kabla hajakaa yeye. Alinipa hongera, akamshukuru Mungu, kisha akafunua kalenda ya ukutani kwa kidole.

"Unatarajia Mei," akasema. "Na mkataba wako unaisha Juni. Basi imekaa vizuri kabisa, mwalimu. Mei unapumzika, Juni mkataba unaisha wenyewe, unalea mtoto wako kwa utulivu. Akishakua kidogo, uje tuongee."

"Nije tuongee nini, mkuu?"

"Kama nafasi itakuwepo."

"Nafasi ipi? Mwalimu wa Biolojia si ni mimi?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Mikataba ya muda haina likizo ya uzazi, mwalimu. Ndivyo tunavyokwenda hapa. Meneja atatafuta mtu wa kushika nafasi yako."

Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia nimekubali, na nadhani alielewa tofauti yake, maana alinisindikiza mpaka mlangoni, miwani bado mkononi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Bondeni, pale Kyela mjini, kumtafuta mwalimu mmoja aliyeondoka shuleni kwetu muda mfupi baada ya mimi kuajiriwa. Alikuwa anafundisha Historia, na sauti yake ilikuwa inavuka madarasa mawili. Sasa alikuwa anauza mchele kwenye kibanda cha dada yake, na mtoto wake, tayari anatembea, alikuwa anachezea punje kwenye sinia. Alinipa kigoda. Nikamweleza niliyoambiwa na mkuu, neno kwa neno.

"Uje tuongee," akarudia, akitikisa kichwa. "Na mimi waliniambia hivyohivyo. Unajua nilijibuje? Nilisema ndaga fijo. Niliwashukuru, tena sana, nikabeba mkoba wangu nikatoka. Hadi leo najiuliza nilikuwa nashukuru nini."

"Ulirudi kuongea nao?"

"Mara mbili. Nilimkuta kijana mwingine anafundisha Historia. Kijana mzuri tu, akanisalimia vizuri."

Hakulia wala hakulalamika. Alinipimia mchele, akaongeza viganja viwili vya bure kwa ajili ya mtoto atakayekuja, akarudi kwa wateja wake. Nilitoka pale nikiwa nimeshaamua. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na uhakika, na uhakika ni kitu kinachokaa tumboni vizuri kuliko hasira.

Jumatatu, kipindi changu kilipoisha, nilipiga simu ofisi ya kazi kule Mbeya. Mama aliyepokea aliniuliza maswali mengi kwa utulivu: nimeanza lini, nimesaini mara ngapi, nimewahi kukaa muhula mzima nyumbani. Kisha akaniambia kwamba vipande vya mkataba kwa mwajiri yuleyule vinaunganishwa, kwamba likizo ya uzazi yenye malipo ni haki ya mwajiriwa na si zawadi, na kwamba mtu anayesainishwa tena na tena kazi ileile ana haki ya kutarajia atasainishwa tena. "Zungumza nao kwanza," akasema. "Ikishindikana, njoo."

Nyumbani Makwale nilimkuta mama mkwe akigeuza kakao kwenye chanja, harufu yake imejaa ua mzima. Nikamsimulia. Alisikiliza bila kuacha kugeuza.

"Na hiyo sheria," akaniuliza, "inajua kwamba wewe upo Makwale?"

"Inajua, mama."

"Haya, mwanangu. Kama inajua, nenda nayo."

Mume wangu, ambaye ni seremala na hapendi maneno mengi, alisema yuko tayari kuchukua kazi zaidi ili nisihangaike. Nilimshukuru, nikamwambia achukue kazi zaidi kama anataka kazi zaidi, lakini hiyo ni habari nyingine.

Aprili, mvua ikiwa imeshika kwelikweli, yule mtu wa kushika nafasi yangu akaletwa. Alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, aliyenizidi kidogo tu kwa kimo, ametokea Kasumulu mpakani, kwenye familia ya wafanyabiashara. Mama yake ana ndugu Karonga upande wa Malawi. Alivaa ushungi na gauni pana la kijani, na alipoingia ofisini alitusalimia "mugonile" kwa lafudhi ya ng'ambo, walimu wote wakatabasamu. Alikuwa anafundisha Biolojia na Kemia. Nilitaka kumchukia, nikashindwa siku ileile. Alikaa nyuma ya darasa langu wiki nzima, akiandika, na kila kipindi kikiisha aliniuliza maswali ya maana: nani mzembe, nani anajua lakini anaogopa kunyoosha mkono.

Siku ya Alhamisi mpishi alikuwa anakaanga usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa chakula cha walimu. Moshi ukaingia ofisini. Yule dada akaweka kalamu chini, akafunika mdomo kwa ncha ya ushungi, akatoka mbio kuelekea nyuma ya maabara. Nilimfuata na kikombe cha maji. Nilimkuta ameshika ukuta.

"Mwezi wa ngapi?" nikamuuliza.

Akanitazama, macho yamejaa machozi ya kutapika. Akafikiria kunidanganya, nikamwona anavyofikiria, kisha akaacha.

"Wa tatu, dada. Tafadhali usimwambie mtu."

Nikaanza kucheka. Sikutaka kucheka, lakini tumbo langu lilikuwa kubwa mbele yangu na yeye ameshika ukuta, na shule ilikuwa imetafuta wilaya nzima mtu asiye na mimba wa kushika nafasi ya mwenye mimba. Naye akaelewa, akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi.

Tulipotulia akaniuliza, "Na wewe ukishapumzika unarudi lini? Meneja aliniambia umeomba mwenyewe kuacha kazi, unataka kulea."

"Sijaomba kitu," nikasema. Nikamweleza yote, ya mkuu, ya mwalimu wa Historia, ya ofisi ya kazi. Akaweka mkono juu ya tumbo ambalo bado halikuwa na cha kuonyesha.

"Kwa hiyo Oktoba," akasema polepole, "mimi nitaambiwa nipumzike vizuri."

"Uje muongee."

"Sijasaini bado," akasema. "Mkataba ninao kwenye mkoba. Meneja anakuja kesho kuuchukua."

Hatukupanga mengi. Ijumaa, baada ya vipindi, tuliingia pamoja ofisini kwa mkuu, ambako meneja alikuwa ameketi na viatu vyake vikiwa na tope la njiani. Huyu alikuwa mtu wa biashara, ana magari ya kubeba kakao, na shule aliiendesha kama anavyoendesha magari: yakitembea, usiyaguse. Alishangaa kutuona wawili.

Nilianza mimi. Nilimwambia nitajifungua Mei, nitakaa likizo yangu ya uzazi kwa malipo kama sheria inavyotaka, na Agosti nitarudi darasani. Nilimwambia nimeshaongea na ofisi ya kazi, na kwamba nimekuja kwake kwanza kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyofanya.

"Mkataba wako unaisha Juni," akasema. "Ukiisha umeisha."

"Umeisha mara nyingi, meneja, na kila mara nimeendelea. Watoto wa kidato cha nne hawajui hata kama kuna siku uliisha."

"Unanitishia?"

"Hapana. Nakueleza nitakachofanya, ili usije ukashangaa."

Mkuu wa shule alikuwa anaangalia meza. Meneja akamgeukia yule dada, akanyoosha mkono. "Wewe, mwalimu, mkataba wako uko wapi?"

Akautoa kwenye mkoba, akauweka mezani, haukuwa na saini.

"Sitasaini, mzee wangu, mpaka nijue huyu anarudi. Na mimi nina mimba. Nitajifungua Oktoba. Mnachomfanyia yeye ndicho mtakachonifanyia mimi."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Meneja akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama mkuu.

"Nimetafuta mwalimu badala ya mjamzito," akasema, "nikaletewa mjamzito?"

Aliyecheka kwanza alikuwa mkuu wa shule, yule mzee mpole. Alijaribu kukohoa, ikashindikana, mabega yakatikisika. Meneja hakucheka, lakini alikaa vizuri kwenye kiti. Mkuu akafuta macho, akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwake.

"Meneja, kutoka hapa mpaka Tukuyu, mwalimu wa Biolojia hupati katikati ya mwaka. Hapa tunao wawili. Na yule wa Historia, mimi nilimwacha aende hivihivi. Hili nisingependa nilirudie."

Meneja akasema atafikiri. Tukatoka. Nje yule dada alinishika mkono, wa kwake ukiwa baridi kama samaki, akaniuliza kama tumeharibu. Nikamwambia hatujaharibu. Nilikuwa naamini hivyo, ingawa usingizi haukuja haraka wiki ile.

Jumatano meneja alirudi na mikataba miwili mipya, kila mmoja wa mwaka mzima. Aliiweka mezani bila maelezo, akasema tu kwamba mwanasheria wa mjini amemshauri hivyo. Tukasoma kila mstari huku amesimama. Likizo ya uzazi ilikuwa imeandikwa. Tukasaini. Walimu wengine hawakupata ya mwaka mpaka Januari iliyofuata, na mwalimu mmoja wa kiume alituambia kwa sauti kwamba wanawake tutaifunga shule. Yule dada wa Kasumulu akamjibu kwamba bila wanawake kuzaa shule ingefungwa zamani, na mjadala ukaishia hapo.

Nilijifungua mwishoni mwa Mei, binti mwenye sauti kubwa. Likizo yangu niliila yote. Mama mkwe alinipikia mbalaga, ndizi za kuchemsha na maharage, mpaka nikawa namkimbia, na jioni nilikaa na mtoto kando ya chanja nikitazama mpunga ukigeuka rangi. Sikuwahi kukaa hivyo nikiwa najua kwamba mahali pangu papo. Yule mwenzangu alikuja mara kwa mara kwa bodaboda, tumbo sasa limejitangaza, akiwa na maswali ya wanafunzi na umbea wa ofisini. Mama mkwe alimpenda kwa sababu alikula kila alichopewa, isipokuwa usipa.

Agosti nikarudi. Mama mkwe alikuwa anamleta mtoto shuleni saa ya chai, nami nikimnyonyesha kwenye stoo ya maabara, katikati ya mitungi ya glasi yenye vyura na panzi. Mara ya kwanza mkuu wa shule aligonga mlango, akapitisha kiti chenye egemeo kwa mkono mmoja huku ametazama pembeni. Baadaye likaja pazia. Sijui alilinunua nani.

Kisha Oktoba ikafika, na zamu ikawa ya mwenzangu. Siku yake ya mwisho alinikabidhi vipindi vyake vya Kemia, somo ambalo mimi nililiacha chuoni kwa furaha. Nilimwambia sijui kitu. Akaniambia, "Utajua, dada. Fungua ukurasa wa kwanza," akapanda bodaboda kwa upande, kikapu mapajani, akaelekea Kasumulu.

Nilisoma usiku ule na usiku uliofuata. Jumatatu niliingia kidato cha pili, nikaandika kichwa cha somo ubaoni, na mvulana mmoja akanyoosha mkono.

"Madam, mwalimu wetu wa Kemia atarudi?"

"Januari," nikamwambia. "Amekwenda likizo ya uzazi. Toa daftari."