Siku Niliyokwenda Arusini na Mchele Magotini

Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana huku Mwabungo kisa hiki kimeshasimuliwa na kila mwenye mdomo, na kila anayekisimulia huongeza mchele. Mara ya mwisho nilipokisikia (nilikuwa nyuma ya duka, msimuliaji hakuniona) mchele ulikuwa umeshafika nusu gunia, na mimi eti nilikuwa nimeuficha mpaka ndani ya mtandio. Ulikuwa mchele wa soksi mbili tu, tena soksi zenyewe za mume wangu. Aibu niliyoipata siku ile naikubali yote, sipunguzi kitu, lakini kipimo cha mchele nitakitetea mpaka naingia kaburini.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua za Elnino zilizokata barabara na kutuachia mbu na kuta zenye unyevu. Sikuwa nimefika hata miaka arobaini, na viungo vyangu vilikuwa vimeshaamua kuzeeka bila ya kunishauri. Asubuhi nikiamka vidole vimekakamaa, siwezi kufunga kifungo, siwezi kukamua tui, na magoti yamefura kama maandazi. Nilikwenda hospitali, daktari akanieleza kwa upole kwamba ile ni baridi yabisi ya aina ambayo mwili wenyewe unavigeukia viungo vyake, kwamba haina dawa ya kuiondoa mara moja, kwamba nimeze vidonge nisikatize, nifanye mazoezi mepesi, nisikae mkao mmoja muda mrefu, goti likikakamaa nilipashe joto, na likivimba likawa lina moto nilitie kitu cha baridi. Alisema maneno mengi na yote mazuri. Mimi nilitoka pale na neno moja, joto.

Basi nikaanza kulitafuta hilo joto. Wifi yangu Mwanasha, ambaye hajawahi kuumwa hata jino na kwa hiyo ni bingwa wa magonjwa yote, alinipeleka pwani ya Galu saa za jua kali akanifukia kwenye mchanga mpaka kiunoni. Nikiwa pale nimepandwa kama muhogo, wakapita wazungu wawili, mke na mume, wakasimama, wakauliza kama hiyo ni mila. Mwanasha akawajibu kwamba ndiyo, ni mila. Wakanipiga picha. Mpaka leo naamini iko nyumba Ulaya yenye picha yangu ukutani, na wageni wakija wanaelezwa habari za kabila linalozika wanawake wake nusu. Baada ya hapo nikanunua mafuta ya simba sokoni Ukunda, na simba yule, kwa harufu yake, alikufa akikaanga viazi.

Aliyenisaidia kweli alikuwa Mama Mutua, jirani yangu, Mkamba aliyekuja kufanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja huko Diani. Alinikuta nimekaa mlangoni nasugua magoti akanihurumia.

"Dada, hiyo mchanga wacha," akaniambia. "Kuna mzungu hapo kwetu hoteli alikuwa na shingo mbaya, alikuwa na kamfuko kamejaa mbegu, anakapasha moto kwa oveni, anaweka kwa shingo, analala kama mtoto. Wewe chukua soksi, tia mchele, shona mdomo, weka kwa sufuria kavu mpaka ishike moto. Lakini ukishaweka kwa goti, ukae chini. Hiyo si ya kutembea nayo."

Nikafanya hivyo, na wenzangu, ile soksi ilikuwa rehema. Joto liliingia polepole, likakaa, goti likalegea kama mtu aliyesamehewa. Nikawa kila asubuhi naukaanga mchele wangu, soksi na vyote, kwenye sufuria kavu, nazifunga soksi magotini kwa vipande vya leso kuukuu, nakaa kitandani mpaka mwili ukubali kuwa umeamka. Mchele ule ukawa wa rangi ya hudhurungi kwa kukaangwa, na nyumba ikanuka kama wali ulioshika chini, lakini nani alijali.

Nje ya Mwanasha na Mama Mutua (na mume wangu, ambaye alitaka soksi zake) sikumwambia mtu. Mnajua kwa nini. Mimi nilikuwa mwanamke wa kuitwa kwenye shughuli, arusi haikufanyika upande ule bila ya mimi kuwa jikoni au stoo, na nilijua vizuri mambo yanavyokwenda: ukishajulikana kuwa ni mgonjwa, watu wanasema "mwacheni apumzike", na wakishasema hivyo huitwi tena, unabaki kuletewa sahani iliyofunikwa.

Sasa ikaja arusi ya binti wa Bi Riziki, aliyekuwa anaolewa na watu wa Shimoni. Bi Riziki ana duka, ana sauti, na ana macho yanayoweza kuhesabu vitumbua vilivyomo ndani ya kikapu kilichofungwa. Kwenye arusi ya binti yake wa kwanza mchele ulipotea stooni asijue umekwenda wapi, na jambo hilo lilikuwa halijamtoka. Kwa hiyo safari hii akaniita mapema, akanipa ufunguo mkononi.

"Mejumaa," akasema, "stoo nimekupa wewe, kwa sababu wewe huna mkono mrefu."

Mimi nikavimba kwa fahari, mbali na vile nilivyokuwa nimevimba tayari.

Asubuhi ya arusi nikaamka magoti yamekataa kabisa. Nikakaanga mchele, nikafunga soksi, nikangoja, yakalegea. Saa ya kuondoka ikafika na soksi bado zina moto, na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ambao ningeweza kuuacha na maisha yakaendelea. Nilijitazama, gauni lilikuwa refu na pana, juu yake kuna buibui, nikajiambia, Mejumaa, nani atajua. Nikatoka nazo.

Njiani nilitembea vizuri mpaka nikaanza kujiona. Nilipofika nikavua buibui, nikamwamkia Bi Riziki shikamoo, akaitika marahaba huku akinitazama kutoka juu hadi chini (ndivyo anavyomtazama kila mtu, lakini mimi nilijua ninachokificha), nikafungua stoo, nikatoa mchele wa kuchambuliwa, nikafunga, nikaenda kukaa mkekani na wanawake wenzangu. Tukachambua, tukaimba, tukawasema ambao hawajafika. Ila soksi zikapoa, na mkeka ulikuwa juu ya sakafu ya saruji yenye ubaridi wa mvua zote zile, na magoti yangu yakaanza kukakamaa moja baada ya jingine. Mwanasha, aliyekaa kando yangu, akaninong'oneza, "Nenda kasimame motoni kidogo, zipashe."

(Mtu akitaka kujua kwa nini nilimsikiliza tena mwanamke aliyenizika Galu, hata mimi nataka kujua.)

Nikajinyanyua kwa kumshika bega, nikaenda uani kwenye mafiga, alipokuwa Mzee Kassim, mpishi aliyekodiwa kutoka Ramisi, mtu wa heshima na wa hasira, anachemsha nyama kwenye masufuria makubwa. Nikajifanya natazama nyama. Nikasogea mpaka magoti yakawa karibu kabisa na moto, joto likaanza kurudi, raha ikanipanda mpaka nikafumba macho. Nilipofumbua, Bi Riziki alikuwa amesimama mlangoni anavuta pumzi kwa pua.

"Mzee Kassim," akasema, "wali unashika."

"Wali gani, Bi Riziki? Mchele wa pilau bado uko stoo."

"Mimi nasikia harufu ya wali kuungua."

"Basi unaungua nyumba ya jirani. Mimi hapa nina nyama na maji, na nimepika arusi tangu baba wa huyu bwana arusi hajaoa."

Wakaendelea kubishana, mzee akiwa amechukizwa kweli, na mimi niliyekuwa ndio hiyo harufu nikaona nijiondoe. Sikujua kwamba soksi ya mguu wa kulia, iliyochakaa kwa kukaangwa kila asubuhi, ilikuwa imetoboka kwa lile joto. Bi Riziki akaniambia nikatoe mchele wa pilau nimpe mzee, nikaenda stoo, nikafungua, vijana wakabeba gunia, nikafunga, nikarudi zangu mkekani kwa mwendo wa taratibu, nikitabasamu kulia na kushoto. Nikaona watu wengine wananitazama miguuni. Nikadhani ni viatu. Kisha nikasikia nyuma yangu sauti ya kokoko, nikageuka, na hapo nikawaona kuku wa Bi Riziki, mama yao mbele na vifaranga nyuma, wamejipanga kwenye mstari ulionyooka kutoka mlango wa stoo mpaka kwenye kisigino changu, wanadona.

Nilichokifanya ni kukaa chini. Ndilo wazo pekee lililonijia, nikajiachia mkekani kwa uzito wangu wote, na kwa kishindo kile soksi ikapasuka yote, mchele ukamwagika chini ya gauni ukatapakaa mpaka kwenye mapaja ya Mwanasha. Nyimbo zikanyamaza. Bi Riziki akaja taratibu akifuata mstari, akiwapisha kuku kwa mguu, akasimama mbele yangu.

"Mejumaa, simama."

"Siwezi, mama."

Ilikuwa kweli tupu, magoti yalikuwa yamekufa, lakini angalieni lilivyosikika.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Na huo mchele?"

"Ni wangu."

"Wako. Unafanya nini ndani ya nguo yako?"

Mimi nikajibu, na jibu hili ndilo linalonitesa mpaka leo kuliko mchele wenyewe, "Nimetoka nao nyumbani."

Mwanamke mmoja akacheka akaziba mdomo. Bi Riziki hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, na macho yake yalikuwa na majonzi kuliko hasira, "Nilikupa ufunguo wangu, Mejumaa. Watu waliniambia nimpe mwanangu, nikasema hapana, nampa Mejumaa." Nikamtazama Mwanasha anisemee, naye alikuwa anachambua mchele kwa bidii ambayo sijapata kuiona kwake kabla wala baada.

Hapo nikaelewa kwamba nina njia mbili tu, niondoke pale mwizi au niondoke pale mgonjwa. Nikawaza nitakavyopita njiani nikiwa mwizi, na wanangu watakavyopita. Nikashika pindo la gauni, nikalipandisha mpaka juu ya magoti, nikafunua mbele ya wanawake wote wale, vipande vya leso, soksi moja ya kiume iliyopasuka na nyingine nzima, na magoti yangu yote mawili, mekundu, yamefura, yanang'aa. Na ni wakati huohuo, msiniulize kwa nini, ndipo wanawake wa upande wa bwana arusi kutoka Shimoni walipoingia na sinia za zawadi vichwani. Waliingia kwa vigelegele, wakaniona, vigelegele vikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Mzee Kassim alikuwa amesimama mbali, uso ameugeuzia ukutani kwa heshima. Akaomba aletewe punje za ule mchele. Akazitia mdomoni, akatafuna.

"Bi Riziki," akasema akiutazama ukuta, "mchele huu haukutoka stoo yako. Huu umekaangwa mkavu, si mara moja. Na harufu yake ndiyo uliyosema inatoka kwenye sufuria yangu." Kisha akarudi kwenye nyama yake, mtu aliyesafishwa jina.

Nilitarajia huruma, au kimya. Sikupata hata kimoja. Ile mahakama iligeuka zahanati papo hapo: mmoja akasema nipake kitunguu saumu, mwingine akasema nyuki waniume, mwingine kwamba ni maharage, niache maharage, mama mmoja wa Shimoni akatua sinia yake akaja kuniminya goti bila ya hata kunisalimu, akasema shangazi yake alikuwa hivihivi na alipona kwa mafuta ya papa (aliendelea kueleza, ikatokea kwamba shangazi alikufa, lakini kwa kitu kingine). Wawili walitaka kujua soksi zinashonwaje. Bibi arusi alikuwa ndani anangoja kutazamwa na hakuna aliyemkumbuka.

Bi Riziki hakuniomba radhi, hana desturi hiyo. Aliinama akaokota soksi iliyobaki nzima, akaipima uzito kwenye kiganja, akasema, "Ungeniambia tu." Kisha akaagiza niletewe kiti. Nikakalishwa juu, peke yangu, kando ya bibi mmoja asiyesikia, wenzangu wote wakiwa chini mkekani, na kutoka pale juu nikaitazama arusi yote, ufunguo bado ninao mkononi kwa sababu hakuudai. Nililia kidogo. Watu wakasema ni maumivu.

Nilirudi hospitali, nikamweleza daktari kila kitu, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akarudia maneno yote tangu mwanzo na safari hii nikayasikiliza. Vidonge nameza. Asubuhi naloweka mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nanyoosha viungo polepole, na soksi zangu (siku hizi nashona za kitambaa kizito, tabaka mbili) nazitumia nikiwa kitandani, hazivuki mlango. Maumivu hayajaondoka, yanakuja na kwenda, mimi nayo tumezoeana. Na shughulini wananiita bado, wengine kwa kazi na wengine, najua, kwa kutaka kunitazama.

Ila nilikula kiapo siku ile na sijakivunja, kwamba sitakaa tena chini kwa kuogopa kuonekana. Nikifika kwenye nyumba ya mtu sasa, salamu zikishakwisha, kabla ya kuuliza bibi arusi ni nani na amepata nani, nauliza kiti kiko wapi.