Bolti Nane za Injini ya Mshale

Kofi la kwanza lilimkuta Mama Nyundo ameinama kwenye jiriwa, nyundo ingali mkononi na kipande cha chuma kikibingirika sakafuni.

Aliyempiga alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, dereva wa mashindano ambaye mashabiki walimwita Mshale. Asubuhi hiyo alikuja gereji amekumbatia boksi kama mzazi aliyetoka wodini. Ndani mlikuwa na konrodi nne, ile mikono ya chuma inayoshika pistoni na kuiunganisha na krenki. Nyepesi, zinang'aa, zimegongwa chapa. Lakini kibaya chajitembeza. Mama Nyundo aliigeuza moja, akauona mstari mwembamba wa kalibu ubavuni, akajua hiki si chuma kilichofuliwa. Kimemiminwa tu kama uji, kikasuguliwa. Akaibana kwenye jiriwa, akaipiga nyundo moja. Ikakatika kama muwa.

“Umenivunjia kitu changu!”

“Ingekuvunja wewe, shemeji.”

Hapo ndipo kofi lilipotua.

Mwanamke huyu alikuwa na miaka ishirini ndani ya gereji ile. Alianza kwa kumwoshea mumewe vyuma kwa dizeli, akaishia kupima silinda kwa mkono uliotulia kuliko wa mumewe. Mumewe ndiye aliyekuwa akijenga injini za Mshale, tena siku ya mashindano anakaa kando yake kumsomea njia. Miaka miwili nyuma, katikati ya mbio, konrodi ilichomoka, ikapasua bloku, mwili wa injini wenye silinda, na kutokea ubavuni. Oili ikamwagikia ekzosi yenye moto. Gari liliwaka kabla halijasimama, likabanwa kwenye ukingo wa mtaro upande wa kushoto. Mshale alitoka kwa mlango wake. Mumewe hakuwa na mlango wa kutokea. Mama Nyundo alimtambua kwa bizimu la mkanda.

Tangu hapo hakuigusa injini ya shemeji yake, mpaka mama mkwe alipomjia mwenyewe. “Mjengee, mwanangu,” alisema. “Atarudi barabarani tu, nimjuavyo. Bora ajengewe na wewe.”

Basi akakubali. Mezani alikuwa ameshapanga alivyovichagua: pistoni nne zilizofuliwa (“Kwa sabuni gani?” Mshale alikuwa ametania, na hakuna aliyecheka), konrodi nzito za chuma kigumu, beringi, na bolti nane mpya za konrodi, bado ziko kwenye karatasi yake ya mafuta.

Sasa Mshale alizifagia zile bolti kwa kiganja, zikatawanyika chini.

“Uzito huu wote wa nini? Nitashindwa kona ya kwanza! Na hizi bolti ni ushamba wako tu. Za zamani zina nini? Mara ya mwisho nilizirudishia zilezile na…”

Lililo moyoni ulimi huliiba.

Mama Nyundo alimgeukia. Mumewe hakuwahi kurudishia bolti ya konrodi. Bolti ikishakazwa na kufanya kazi hurefuka, hata kama ni kwa unywele, na iliyorefuka ni muuaji anayesubiri: siku ikikatika, konrodi huchomoka. Aliwafukuza mafundi wawili kwa kosa hilo.

“Ulizirudishia lini?”

“Achana na hayo.”

“Nimekuuliza, ulizirudishia lini?”

Alimsogelea. Mshale alimpiga ngumi ya mdomo, na damu ikamjaa kwenye ulimi. Hakurudi nyuma. Mshale akamkaba koo, akamsukuma hadi mgongo ukalala juu ya bloku ya injini iliyokuwa kando ya meza, kingo za silinda zikimchimba mbavu. Gereji ilianza kuingia giza pembeni. Mkono wake ulipapasa mezani, ukakutana na konrodi, moja ya zile nzito alizozichagua mwenyewe.

Pigo la kwanza lilivunja mfupa wa bega, aliusikia. La pili lilimpata Mshale mdomoni, na meno mawili yakaruka. Akaanguka. Mama Nyundo akamwekea goti kifuani, akainua chuma kwa mara ya tatu.

“Sema!”

“Bolti mpya zilikuwa hazijafika!” Mshale alilia, damu ikimpitia kidevuni. “Kaka alisema tungoje. Alipokwenda kula nilizifunga za zamani mwenyewe. Nikamwambia mpya zimefika.”

“Akaamini?”

“Aliniamini.”

Chuma kilishuka. Kilipiga saruji kando ya sikio la Mshale, kikang'oa kipande. Kikapanda, kikashuka palepale, tena na tena, mpaka mkono wenyewe ukakataa.

Kisha akamburuta hadi kwenye pikapu, akampeleka hospitali. Si kwa huruma. Alitaka awe hai atakapomweleza mama yake.

Mshale alimweleza, bega limefungwa, mdomo umevimba. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akamchapa kwa fimbo yake ya kutembelea, kichwani, mgongoni, popote ilipoangukia, mpaka majirani wakaja kumshika. “Nimezaa nini?” alikuwa akiuliza. “Nimezaa nini mimi?” Fimbo ilipochukuliwa, alimwangukia Mama Nyundo begani, wakalia pamoja.

Injini ile Mama Nyundo aliimaliza peke yake. Kila bolti aliipima urefu kabla ya kuikaza na baada ya kuikaza. Siku ya kuiwasha ilianza kwa kugongagonga, kama pistoni zilizofuliwa zinavyofanya zikiwa baridi, halafu ikapata joto na sauti ikatulia.

Mshale alikuwa amesimama getini, mkono kwenye kitambaa.

“Shemeji,” aliita, “ataendesha nani?”

“Sijajua. Lakini si wewe.”

Mshale akageuka, akaondoka. Mama Nyundo akakanyaga mafuta taratibu, akainamisha kichwa kusikiliza.